Vyakula vya kuagiza mtandaoni, Lewisham

Kuagiza vyakula mtandaoni ni utaratibu ambao mnunuzi huchagua mahitaji ya nyumbani kwenye simu au kompyuta, hulipa papo hapo, kisha hupelekewa mlangoni kwa saa aliyoiteua. Lewisham ni wilaya ya kusini-mashariki mwa London iliyoundwa mwaka 1965 kwa kuunganisha Lewisham ya zamani na Deptford, na sensa ya 2021 ilikuta ina wakazi wapatao 300,000. Ni mahali pazuri pa kuifuatilia biashara hii, kwani hapa kazi ya kuchagua na kubeba vyakula imehama mara mbili katika umri wa mtu mmoja: ilitoka kwa mwenye duka ikaenda kwa mnunuzi, kisha ikatoka kwa mnunuzi ikaenda kwa mfanyakazi wa ghala na dereva.

Zamani mnunuzi alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, na mhudumu akapima, akafunga na kumkabidhi. Mzigo mkubwa ulipelekwa nyumbani kwa baiskeli au mkokoteni, na maziwa yaliachwa mlangoni alfajiri. Kusini-mashariki mwa London kazi hiyo ilifanywa kwa mapana na chama cha ushirika cha Royal Arsenal Co-operative Society, kilichoanzishwa mwaka 1868 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich. Jengo lake la Lewisham, Tower House, lilifunguliwa mwaka 1933 na bado limesimama kwenye barabara ya High Street.

Mabadiliko ya kwanza yalifika mwaka 1955, kampuni ya maduka ya Sainsbury's ilipofungua Lewisham duka la kujihudumia la futi za mraba 7,500, kubwa kuliko yote ya aina hiyo barani Ulaya wakati huo. Leo ukubwa huo ni wa kawaida kabisa, lakini jambo lililofanyika ndani yake lilikuwa zito. Mnunuzi alipewa kikapu na kuambiwa achukue mwenyewe. Bei zilishuka kwa sababu duka lilikuwa limeacha kulipa mishahara ya watu wa kupima na kufunga. Kazi yao ilifanywa bure na wateja, wengi wao akina mama waliobeba mifuko hadi kituo cha basi. Asiyeliona hilo hataelewa kwa nini biashara ya mtandaoni imekuwa ngumu kuleta faida. Ni kazi ileile inayorudi dukani, safari hii kwa mshahara, mafuta na bima.

Agizo linalotajwa sana kuwa la kwanza lilifanyika mbali na London. Mwezi Mei 1984, Jane Snowball, bibi wa miaka 72 wa mji wa Gateshead, alitumia televisheni iliyounganishwa na waya wa simu kuagiza siagi ya mimea, mayai na kornfleksi kutoka supamaketi ya Tesco. Teknolojia ilitokana na kazi ya mvumbuzi Michael Aldrich, na mpango wenyewe ulikuwa wa halmashauri ya mji kwa ajili ya wazee na watu wasioweza kutoka. Huduma hii ilianza basi kwa kuwafikiria wanyonge, jambo ambalo wafanyabiashara walikuja kulisahau kwa muda mrefu. Tesco ilianza majaribio ya intaneti mwaka 1996. Ocado, iliyoanzishwa mwaka 2000, ilianza kupeleka bidhaa za Waitrose mwaka 2002, na tangu Septemba 2020 huuza za Marks & Spencer.

Bidhaa zinazoingia nyumba za Lewisham hufuata njia mbili. Katika ya kwanza, wafanyakazi wa supamaketi hupita kati ya rafu na vitoroli mapema asubuhi wakijaza maagizo ya wateja kadhaa kwa pamoja. Kitu kikikosekana huweka mbadala, na hapo ndipo malalamiko mengi huzaliwa. Katika ya pili, kila kitu hutoka kwenye ghala lisiloingia mnunuzi. Ghala maarufu la upande huu ni la Ocado lililoko Erith, wilaya ya Bexley, lililoanza kazi mwaka 2018. Ndani yake roboti hukimbia juu ya kimia kikubwa cha chuma na kuvuta makasha ya bidhaa kutoka chini. Julai 2021 roboti tatu ziligongana, moto ukazuka, na maelfu ya maagizo yakavurugika. Hitilafu ya mashine chache ilitosha kuwaacha wakazi wa wilaya kadhaa bila walichoagiza, udhaifu ambao soko la mtaani lenye wauzaji wengi halina.

Machi 2020, Uingereza ilipofungwa kwa sababu ya korona, biashara iliyokuwa ikikua polepole ilizidiwa ghafla. Ocado ililazimika kusimamisha programu yake ya simu kwa muda na kuwapanga wateja foleni mtandaoni. Tesco iliongeza nafasi zake za kupeleka kutoka kama 600,000 kwa wiki hadi zaidi ya 1,000,000 ndani ya wiki tano. Wagonjwa walioshauriwa kutotoka nje walipewa kipaumbele, na serikali iliwapelekea makasha ya chakula hadi mwisho wa Julai. Vikundi vya kujitolea navyo vilibeba sehemu yao, na shirika la FareShare, lililokuwa na ghala Deptford, lilisambaza chakula cha ziada kwa taasisi za jamii. Kwa miezi hiyo agizo la vyakula lilirudi kwenye shabaha ya Gateshead. Kabla ya janga, manunuzi ya mtandaoni yalikuwa kama asilimia 7 ya soko la vyakula la Uingereza. Mwanzoni mwa 2021 yalipita asilimia 15, kisha yakashuka na kutulia karibu na 12.

Wawekezaji walidhani kupanda huko hakutakoma. Januari 2021 kampuni ya Getir ya Uturuki iliingia London ikiahidi kufika kwa dakika kumi hivi, ikafuatwa na Gorillas ya Berlin. Kampuni ya Weezy ilikuwa imetangulia. Getir ilizimeza zote mbili, na Aprili 2024 ikatangaza kuondoka Uingereza. Waliobaki na nguvu mitaani ni wenye pikipiki na baiskeli za Deliveroo na Uber Eats, wanaochukua bidhaa kwenye maduka yaliyopo. Novemba 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wapelekaji wa Deliveroo, kwa kuwa wanaweza kumtuma mtu mwingine badala yao, hawana uhusiano wa ajira utakaoilazimisha kampuni kujadiliana na chama chao. Kisheria hoja inaeleweka. Kiutu, imewaacha wanaonyeshewa mvua wakilipia wenyewe sehemu ya gharama ambayo mnunuzi haioni. Afrika Mashariki nako kulikuwa na funzo la karibu: huduma ya kuagiza chakula ya Jumia Food ilifungwa mwishoni mwa 2023 Kenya na Uganda, huku mteja wa kumpigia simu mwenye duka, kulipa kwa pesa za simu na kuletewa na bodaboda akiendelea kama kawaida.

Gharama nyingine iko hewani. Barabara ya South Circular hupita Forest Hill, Catford na Lee, na karibu nayo aliishi Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa aliyefariki kwa pumu Februari 2013. Desemba 2020 uchunguzi rasmi ulitamka kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo chake, tamko la kwanza la aina hiyo Uingereza, baada ya mama yake, Rosamund, kupigania ukweli kwa miaka. Eneo la tozo ya paundi 12.50 kwa siku kwa magari machafu lilifika barabara hiyo Oktoba 2021 na kuenea wilaya nzima Agosti 2023. Gari moja la mizigo linalohudumia nyumba nyingi kwa mzunguko laweza kupunguza safari za magari binafsi. Agizo la maziwa na mkate pekee, linaloletwa kwa pikipiki ya petroli, haliwezi kutetewa hivyo.

Maskini wa wilaya hii hawajafikiwa sawasawa. Supamaketi ya bei nafuu ya Lidl haina huduma kamili ya kupeleka nyumbani, na mwenzake Aldi, iliyojaribu kupitia Deliveroo, iliacha mapema 2022. Makampuni mengi huweka kiwango cha chini cha agizo au hutoza nyongeza kwa agizo dogo, kwa hiyo anayenunua kidogokidogo hulipa zaidi. Ndiyo maana soko la Lewisham High Street, lenye matunda na mboga za kuuzwa kwa bakuli, lina wateja, na lile la Deptford hujaa Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Waafrika, Wakaribi na Wavietnamu wa mitaa hiyo hupata huko mihogo, ndizi za kupika, bamia na majani ya viungo, vitu ambavyo rafu za supamaketi huviweka kwa uchache. Pengo hilo limewavuta wafanyabiashara wapya, wakiwemo Oja, huduma ya London iliyoanzishwa na Mariam Jimoh kwa ajili ya vyakula vya Kiafrika na Kikaribi. Nauli ya kupeleka, hata hivyo, huongezwa juu ya bei ya chakula ambacho tayari kimevuka bahari, na mzazi mwenye watoto wengi huona nafuu kukokota kigari chake hadi sokoni.