Kawa ya Tshopo: mteja alipotelea wapi, na atarudi kwa njia gani?

Leo tuongee kawa.

Tuko katika mji uliozungukwa na msitu ambamo mti wa robusta unaota wenyewe, bila kupandwa na mtu. Lakini jaribu kufungua fasi ya kuuza kikombe cha kawa hapa Makiso au kule Mangobo. Mwezi wa kwanza watu wanakuja kuona. Mwezi wa tatu viti viko bule. Na nyumbani kwetu, hata kwa sisi tuliosoma, mezani kuna kopo la kawa ya unga iliyotoka ng'ambo, ile inayoyeyuka katika maji ya moto. Ukiuliza juu ya nini, jibu ni moja: « Kawa ya kwetu iko muchungu. »

Wengi wanasema shida ni pesa. Ni kweli, pesa haiko. Lakini mtu yule yule asiye na pesa ya kawa anarudi kila siku kwa mama wa malewa, kwa sababu anajua sombe ya leo itakuwa na ladha ya ile ya jana. Hapo ndipo historia ya kawa yetu inaanza kueleweka. Mteja haondoki kwa sababu ya bei peke yake. Anaondoka siku anapoacha kujua ni nini kitawekwa mbele yake. Na kumrudisha kunawezekana, maana robusta yenyewe ilikwisha kukataliwa na dunia, na ikakubaliwa tena.

Tuanze mwanzo. Mwaka wa 1869, ugonjwa wa kutu ya majani ulionekana katika mashamba ya kawa ya Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Katika miaka michache mashamba yakaharibika, na wenye mali wakageukia chai. Ugonjwa ukafika Java, koloni la Waholanzi, na kuangamiza arabika ya huko pia. Wakati huo huo, profesa Mbelgiji Émile Laurent alikuwa anatembea Kongo na kukusanya mimea. Kawa aliyoipata upande wa Sankuru, karibu na Lusambo, ilipelekwa Brussels. Kampuni moja ya kuuza miche ikaipa jina la biashara: robusta, yaani yenye nguvu. Mnamo 1901 miche hiyo ikafika Java, na kweli ilistahimili kutu. Kwa hiyo mti uliookoa mashamba ya Waholanzi ulitoka katika msitu wa Kongo. Hilo tulisoma shuleni, wengine wetu tunalisema kwa majivuno.

Kile tusichosema sana ni kilichofuata. Mti ulikuwa na nguvu, lakini kikombe kilikuwa na matatizo. Mwaka wa 1912 soko la kawa la New York liliikataa robusta isiuzwe humo. Waonjaji walisema haifai kitu. Kumbe lile neno la « iko muchungu » halikuanzia Kisangani!

Basi ilirudije? Haikurudi kwa kusifiwa. Ilirudi kwa kazi ya miaka mingi, na sehemu ya kazi hiyo ilifanyika hapa kwetu. Kwenye kituo cha Lula, karibu na mji, walichagua miti iliyozaa vizuri na kutoa mbegu nzuri, kizazi baada ya kizazi. Hata leo kuna aina za robusta zinazobeba jina la Lula. Mwaka wa 1933 Wabelgiji wakaunda INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, na kituo chake kikubwa kikawekwa Yangambi, kama kilomita 100 kutoka mjini ukifuata mto. Huko walipima, wakaandika, wakalinganisha. Ulikuwa ni ukoloni, na mashamba yalikuwa ya faida ya wengine. Tusisahau jasho la babu zetu waliofanya kazi hiyo kwa mshahara mdogo. Lakini kuhusu ubora, jambo moja lilifanyika sawasawa: mnunuzi aliyeagiza daraja fulani alipata daraja lile lile.

Halafu dunia ikafungua mlango. Mwaka wa 1938 Nescafé ikaingia sokoni, na baada ya vita kawa ya kuyeyuka ikaenea sana. Kutengeneza kawa hiyo kunahitaji robusta nyingi. Waitaliano nao wakaitia katika espresso, juu inaleta uzito na povu. Robusta ikapata fasi yake. Haikujifanya arabika, ilikuja jinsi ilivyo, ila ikiwa safi na isiyobadilika.

Sasa tuangalie jinsi tulivyompoteza mteja huyo.

Tarehe 4 Agosti 1964 Wasimba waliingia Stanleyville. Tunajua yaliyofuata mpaka Novemba, na machafuko ya mamluki mwaka wa 1967. Mashamba mengi yaliachwa, msitu ukayarudia. Kisha tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianisation. Maduka na mashamba ya wageni yakapewa raia, wengi wao wakiwa watu wa karibu na wakubwa. Wazo la kumiliki mali ya nchi yetu halikuwa baya. Ubaya ni kwamba wengi waliopewa hawakujua kawa na hawakutaka kuijua. Waliuza kile kilichokuwa katika ghala, na baada ya hapo hawakupanda tena. Leta ikarudi nyuma baadaye, lakini mnunuzi wa ng'ambo alikuwa amekwisha kujifunza kwamba huku mambo yanaweza kubadilika kwa usiku mmoja.

Pigo lingine lilitoka shambani. Trakeomikozi, ugonjwa wa mnyauko, ulijulikana tangu 1927 kule Oubangui-Chari, ambayo leo ni Jamhuri ya Afrika ya Kati. Watafiti waliwahi kuupunguza kwa kung'oa na kuchoma miti yenye ugonjwa na kupanda aina zinazostahimili. Lakini kuanzia miaka ya 1970 ulionekana tena upande wa kaskazini-mashariki mwa nchi, na miaka ya 1980 ukaenea. Safari hii watafiti wa INERA, iliyorithi INEAC, walikuwa na ujuzi lakini bila mafuta ya gari. Mkulima aliona mti unakauka kuanzia juu, akaukata kuwa kuni, akapanda muhogo. Nani atamlaumu?

Pamoja na hayo, mwishoni mwa miaka ya 1980 Zaire ilikuwa bado inauza nje zaidi ya tani 100,000 za kawa kwa mwaka. Hapa kuna jambo la kuangalia vizuri. Tangu 1962 kulikuwa na mapatano ya kimataifa yaliyogawa soko kwa mafungu: kila nchi ilikuwa na kiasi chake. Yaani hata ukileta kawa yenye mawe na harufu ya udongo, fungu lako liko. Mwezi wa Julai 1989 mafungu hayo yakaondolewa. Bei ikaanguka kwa karibu nusu, na mnunuzi, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, akawa huru kuchagua. Akachagua wengine. Tulifikiri tulikuwa na wateja, kumbe wengi waliletwa kwetu na mapatano.

Vita vikamaliza kilichobaki. Kuanzia 1998 mto ulifungwa kati yetu na Kinshasa kwa miaka kadhaa. Mwezi wa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya mji wetu. Kawa ya mashariki iliyopata njia ilivuka mipaka na kuuzwa kwa jina la jirani. Miaka ya 2010 nchi nzima ilikuwa inauza nje karibu tani 10,000 tu kwa njia halali. Mteja hakufukuzwa siku moja. Aliondoka polepole, kila mara kwa sababu yake.

Je, anaweza kurudi? Tuangalie Minova, kwenye ufuko wa Ziwa Kivu. Kawa ya huko ni arabika, si robusta, lakini hali ilikuwa mbaya kuliko yetu. Watu walibeba kawa usiku kwa mitumbwi mpaka Rwanda, na wengi walikufa maji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Joachim Munganga na wakulima wenzake wakaunda ushirika wa SOPACDI. Walijenga kituo cha kuosha kawa, kitu ambacho hakikuwa kimejengwa huko kwa miaka mingi sana. Matunda mekundu tu, yanapimwa mbele ya mkulima, yanaoshwa siku ile ile, na jina la mkulima linaandikwa. Mwaka wa 2011 wakapata cheti cha Fairtrade, na kawa yao ikafika Ulaya na Marekani ikiwa na jina la Kongo. Angalieni: vilima ni vile vile, na miti karibu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mnunuzi sasa anaweza kujua.

Jirani zetu Waganda nao wanafundisha. Trakeomikozi ilivuka kwao mwaka wa 1993 na kuua sehemu kubwa ya robusta yao. Watafiti wao wakachagua aina zinazostahimili, wakazigawa kwa wakulima. Leo Uganda inauza nje zaidi ya magunia milioni 5 ya kilo 60 kwa mwaka, na sehemu kubwa ni robusta. Msidhani dunia haitaki tena robusta, hapana.

Na kwa yule mwenye duka dogo, hata matajiri wamepitia njia hii. Mwaka wa 2007 Howard Schultz wa Starbucks aliwaandikia wakubwa wenzake kwamba katika maduka yao harufu ya kawa imepotea. Walikuwa wamefungua maduka mengi kwa haraka, wakaacha kusaga kawa mbele ya mteja. Wateja walipungua. Tarehe 26 Februari 2008 alifunga maduka yake zaidi ya 7,000 Marekani kwa saa kama tatu jioni ile, ili wafanyakazi wajifunze upya kutengeneza espresso. Kisha wakarudi kusaga kawa dukani. Mwaka huo huo walifunga kabisa mamia ya maduka, kwa hiyo tusiseme ilikuwa dawa ya siku moja. Lakini walianza na kikombe, kabla ya kuanza na matangazo.

Turudi Kisangani. Robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Uchungu kidogo ni asili yake, na kuna watu wanaoupenda. Lakini uchungu mwingi tunaoulalamikia ni wa kazi yetu wenyewe. Matunda mabichi yamechumwa pamoja na mekundu. Kawa imeanikwa chini, ikanyonya harufu ya udongo. Imekaangwa mpaka ikawa makaa, kisha ikakaa miezi katika mfuko wazi. Mteja anayesema « iko muchungu » anasema kweli, ila anachokionja ni uzembe uliowekwa juu ya mti mzuri.

Kwa hiyo mwenye fasi ya kawa Makiso hahitaji kwanza kununua viti vipya na spika kubwa. Atafute wakulima wawili watatu wa upande wa Isangi au Banalia, awalipe zaidi kidogo kwa matunda mekundu yaliyokaushwa juu ya meza au turubai. Akaange kidogo kila wiki, asiifikishe kwenye weusi wa makaa. Apime kwa kijiko kile kile kila siku. Akaange mahali ambapo waendesha toleka na wanafunzi wanaopita wataisikia harufu. Awape kikombe kidogo cha bei ndogo waonje. Anayetaka sukari nyingi na maziwa, apewe bila kuchekwa. Ni kazi ndogo ndogo zinazochosha, na faida yake inachelewa.

Na wakati ni huu. Mwaka wa 2024 bei ya robusta katika soko la London ilipita dola 5,000 kwa tani. Tufurahi, lakini tuwe macho. Baada ya baridi kali kuharibu kawa ya Brazil mwaka wa 1975, bei ilipanda sana mpaka 1977, na tunajua nini kilitokea baadaye. Wakati wa bei nzuri hata tunda bichi linapata mnunuzi, na mkulima mwenye deni la shule atalichuma. Bei ikishuka, mnunuzi atakumbuka ni nani aliyemuuzia takataka. Tukiharibu sasa, sijui kama watoto wetu watapata nafasi nyingine.

Mali bado tunayo. Yangambi kuna mkusanyiko wa miti ya robusta, ya Lula na ya msituni, na watafiti wa INERA wanaichunguza pamoja na wenzao wa bustani ya mimea ya Meise huko Ubelgiji. Baadhi yetu tumesomea kilimo, wengine biashara, wengine sheria. Mashamba ya Basoko, Isangi na Bafwasende, wazazi wetu wengi waliyafanyia kazi. Basi ninaomba: mwenye mzazi aliyefanya kazi katika mashamba hayo, amuulize walikausha vipi, walichagua vipi, mnunuzi alikuwa nani, na aliacha kuja mwaka gani. Tuandikieni hapa chini. Na mwenye fasi ya kawa mjini atuambie anauza vikombe vingapi kwa siku, tuje tuonje.