Bunduki Mlangoni mwa Mwenyeji: Adabu ya Kale ya Kaskazini Mashariki

Azimio la Modogashe, yaani makubaliano ya amani yaliyofikiwa mwezi wa Agosti 2001 na wazee, viongozi wa kisiasa na maofisa wa utawala wa Kaskazini Mashariki mwa Kenya na wilaya jirani, linatimiza miaka 25 mwaka huu wa 2026, nalo lina kifungu kinachogusa suala lililo kongwe kuliko hati yenyewe: mtu mwenye silaha aingie vipi katika makazi ya mwenzake, na kauli ya mwisho mlangoni hapo ni ya nani.

Jibu la kwanza limo katika xeer, sheria ya mila ya Wasomali ambayo hurithishwa kwa mdomo na kusimamiwa na wazee. Ndani yake imo kanuni ya biri-ma-geydo, inayowataja watu ambao silaha haiwagusi hata vita vikiwaka: wanawake, watoto, wazee, wagonjwa, watu wa dini, wajumbe wa amani, na pia mgeni aliyekwisha kupokewa. Ikumbukwe kwamba aqal, nyumba ya mfugaji yenye fito zilizopindwa na kufunikwa mikeka, hujengwa na mwanamke na kuhesabiwa kuwa mali yake, kwa hiyo anayeinama kupita mlango wake mfupi huingia katika himaya ya mtu ambaye mila imemkinga. Uislamu ukaitia nguvu mila hiyo, kwa kuwa Surat An-Nur, aya ya 27, inakataza kuingia nyumba ya mtu kabla ya kuomba idhini na kutoa salamu, na hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinamwagiza apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye ncha zake asije akamjeruhi mtu.

Kisha ukoloni ulilifunga eneo hilo, lililoitwa wakati huo Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, kwa amri ya mwaka 1926 na sheria kali zaidi ya 1934, ukaikabidhi bunduki kwa Dubas, askari wa utawala waliojulikana kwa vilemba vyekundu. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, vya waasi waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vilimalizwa rasmi kwa mapatano ya Arusha kati ya Kenya na Somalia, lakini hali ya hatari iliendelea kuwapa askari mamlaka ambayo raia wa mikoa mingine hawakuyajua.

Adabu ya kuomba idhini mlangoni ilivunjwa waziwazi Garissa mnamo Novemba 1980. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyokabidhiwa Rais mwaka 2013, inaeleza kwamba baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama viliuvamia mtaa wa Bulla Kartasi, vikaziteketeza nyumba, vikawatoa wakazi na kuwazuilia katika uwanja wa shule ya msingi bila chakula wala maji. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi leo. Lisilobishaniwa ni kwamba aliyekuwa na wajibu wa kulinda mlango ndiye aliyeuvunja, tena kwa kuwaadhibu wenye nyumba kwa kosa la mtu mwingine, na uovu huo hauwezi kupunguzwa uzito kwa kuitwa operesheni. Miaka mitatu na ushei baadaye, Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walitolewa majumbani mwao huko Wajir, kwa hoja ya kukusanya silaha, wakapelekwa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, ambako mamia waliangamia.

Serikali ya Siad Barre nchini Somalia ilipoanguka mwaka 1991, bunduki zilimiminika kuvuka mpaka. Hapo ndipo lilipozuka jambo gumu ambalo Modogashe ilijaribu kulitatua: azimio liliwataka wafugaji wanaohamia malisho ya wengine waombe idhini kwanza na wasibebe silaha haramu, likaagiza kwamba watakaokaidi wanyimwe maji na malisho, na kwamba wenyeji wao wawajibishwe. Kwa aliyelelewa katika xeer, kumfichua mgeni ni aibu. Hata hivyo hoja ya azimio ndiyo yenye nguvu, kwa sababu anayeficha bunduki ndani ya mzigo wa ngamia hajapata idhini ya kweli, na mwenyeji aliyedanganywa hawezi kudaiwa ulinzi ambao hakuutoa kwa kujua. Mkutano wa Garissa wa mwaka 2005 uliliboresha azimio hilo, ila halikuwahi kugeuzwa kuwa sheria ya nchi, na uzembe huo umeugharimu mkoa.

Katika xeer, aliyevunja heshima ya nyumba hulipa fidia kwa mwenye nyumba. Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliliomba taifa radhi kwa dhuluma zilizotendwa na serikali na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa, na familia za Bulla Kartasi bado zinausubiri.