Mpaka Juu ya Maji

Watu wa visiwani waliijua karantini mapema. Katika kisiwa cha Changuu, mkabala wa mji wa Unguja, jengo lililokusudiwa kuwa gereza liligeuzwa mahali pa kuwatengea abiria waliotoka nchi zenye maradhi. Nyuma ya desturi hiyo ilikuwapo mikataba. Tangu mkutano wa Paris wa mwaka 1851, madola yalikuwa yakibishana namna ya kukizuia kipindupindu pasipo kuizuia biashara.

Merikebu ina nahodha, hati na bandari, husimamishwa ikasimama. Mtumbwi wa Nyanza haukuwa na hata kimoja.

Na huko Nyanza ndiko balaa lilikozuka. Malale yalitambuliwa Uganda mwaka 1901, na katika miaka michache yakaangamiza watu zaidi ya laki mbili. Mwaka 1903 David Bruce alithibitisha kuwa mchukuzi wake ni mbung'o, mdudu apendaye vichaka vya ufukweni. Vibarua wa Kiziba, karibu na Bukoba, waliokwenda Uganda kugema mpira, walirejea na ugonjwa mwilini.

Ziwa lilikuwa na wenyewe wawili: kaskazini Mwingereza, kusini, kuanzia Bukoba hadi Mwanza na viunga vyake kama Kiseke, Mjerumani. Tarehe 27 Oktoba 1908, mjini London, wakaandikiana mkataba: kupashana habari za ugonjwa, kuwatenga wagonjwa kambini na kuwazuia wasivuke mpaka. Mpaka wenyewe ulikuwa mstari wa ramani juu ya maji, ambao hakuna mpiga kasia aliyepata kuuona.

Watu wa visiwa vya Sese walihamishwa wote, wakaacha migomba na makaburi. Hawakuanza kurejea hadi miaka ya 1920. Kambini, dawa ya atoksili aliyoijaribu Robert Koch iliwapofua baadhi ya wagonjwa. Ni kweli maradhi yalipungua. Lakini waliolipa gharama hawakuulizwa neno.

Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika 2007, zinaagiza msafiri atendewe kwa heshima, wala asizuiwe kupita kiasi cha haja. Agizo hilo ni fupi, ila lilichelewa karibu miaka mia kuwafikia watu wa Sese. Kila bandari itakapofungwa tena, na ipimwe kwa agizo hilo.