Bastola za kale za kijeshi (Handeni na Korogwe)

Bastola za kale za kijeshi katika wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, ni silaha za mkononi zinazohusishwa na utawala wa Wajerumani na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Ni chache kuliko masimulizi yake. Anayeikagua bastola ya namna hii kabla ya kununua hulinganisha chapa zilizogongwa kwenye chuma na hadithi anayopewa na muuzaji, na mara nyingi viwili hivyo havipatani.

Hadithi yenyewe ina msingi. Reli ya Usambara ilifika Korogwe mwaka 1902, na wakati wa vita Wajerumani walihamisha akiba zao kwa reli nyepesi ya vitoroli kutoka Mombo hadi Handeni. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliteremka bonde la Pangani kuanzia Mei 1916. Katikati ya Juni Korogwe na Handeni zilikuwa zimekwisha kutwaliwa, na tarehe 24 Juni pande hizo mbili zikapigana Lukigura, kusini zaidi. Zana nyingi zilipita hapa, na nyingine hazikuondoka.

Hata hivyo askari Mwafrika alibeba bunduki, si bastola. Vita vilipoanza mwaka 1914 jeshi la Wajerumani, Schutztruppe, lilikuwa na askari wapatao 2,500 na Wazungu mia mbili na ushei tu, na bastola zilikuwa hasa za hao Wazungu. Kwa hiyo maelezo kwamba babu alikuwa askari wa Mjerumani na bastola alipewa kazini yana walakini. Kwamba aliiokota njiani ni rahisi zaidi kuaminika. Tena ukanda huu ulikuwa na walowezi wa mashamba ya mkonge. Bastola ndogo ya kiraia iliyotoka nyumbani kwa mlowezi haiwi ya kijeshi kwa sababu tu mwenyewe alikuwa Mjerumani.

Aina ya Kijerumani iliyo kongwe zaidi ni Reichsrevolver, yenye matundu sita ya risasi za milimita 10.6. Ilitoka kwa sura mbili: ya mwaka 1879 yenye mtutu mrefu, na ya 1883 yenye mtutu mfupi. Haina kifaa cha kutolea maganda. Mlango mdogo wa upande wa kulia hufunguliwa, silinda ikazungushwa, na kila ganda likasukumwa nje kwa kijiti kisichoshikamana na bastola. Upande wa kushoto wa bodi hutafutwa chapa ya kiwanda. Zilizotengenezwa Suhl huwa na duara la yai lenye herufi S&S, V.C.S. na C.G.H., yaani Spangenberg & Sauer, V. Ch. Schilling na C. G. Haenel walioshirikiana zabuni. Nyingine zina neno Erfurt chini ya taji.

Hapo ndipo jicho likae. Kingo za herufi zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, chuma kimesuguliwa. Weusi mpya unaong'aa juu ya vishimo vya kutu maana yake mtu amepaka rangi juu ya uharibifu. Namba ya mtutu, ya bodi na ya silinda zinapaswa kupatana, na hata vipande vidogo huwa na tarakimu za mwisho za namba hiyohiyo. Zikitofautiana, bastola imeunganishwa kutoka mbili au tatu na bei ishuke. Vichwa vya skrubu vilivyochanika husema fundi alishaingia ndani. Chapa ya kikosi ndiyo ya kutiliwa shaka kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayopandisha bei na kuigonga upya si kazi kubwa.

Kwa upande wa Waingereza inayotajwa zaidi ni Webley Mark VI ya 1915, inayokunjuka katikati na kuinua maganda yenyewe. Nyingi zilikatwa nyuma ya silinda baadaye ili zipokee risasi za Kimarekani za .45. Namba ya silinda iliyoliwa nusu ni dalili ya mkato huo, na bastola ya namna hiyo haifai kupigwa, haidhuru ing'ae vipi.

Kila bastola huchukuliwa kuwa ina risasi mpaka silinda yote ionekane tupu. Kuijaribu kwa kufyatua si sehemu ya ukaguzi: chuma cha zaidi ya miaka mia moja kinaweza kupasuka mkononi. Iliyofukuliwa ardhini haisafishwi wala haigongwi. Hutolewa taarifa polisi.

Umiliki wa silaha Tanzania unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na mnunuzi mwenye akili huanzia polisi kabla hajataja bei. Kauli ya muuzaji kwamba kitu ni cha makumbusho tu si kibali. Ukale nao hupimwa kisheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inatumia mwaka 1863 kuwa mpaka wa masalia ya kale, hivyo gobori la zama za misafara ya pembe laweza kuingia humo na Reichsrevolver ikabaki nje. Kwa kulinganisha, Marekani mpaka ni 1898. Huko Reichsrevolver ni ya kale, Webley Mark VI si ya kale.