Usizike waya, zika paipu

Watu wangu wa Kwale, leo ni mambo ya ukuta. Mamangu anamalizia nyumba Msambweni na Jumatatu fundi anapiga plasta. Wengine wanawaza rangi, mimi nawaza waya za sebuleni: za TV, spika na ruta. Nilipomwambia fundi wa stima apitishe paipu tupu kwanza, alicheka. "Wewe si uliacha chuo?" Sawa kaka, niliacha. Lakini historia ya waya naijua, na ndiyo inayonifanya nisikubali.

Hebu turudi nyuma. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandaza kebo ya telegrafu baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, kisha kusini mpaka Durban. Ndani shaba, juu yake utomvu mgumu wa miti ya huko Malaya kuzuia maji. Kwa wakati ule hakukuwa na kitu cha kisasa zaidi. Juni 2009 kebo ya TEAMS ikafika Mombasa kutoka Fujairah, na humo data haipiti kwenye shaba tena, inapita kama mwanga ndani ya nyuzi za kioo.

TV nayo vilevile. Kenya ilianza 1962, matangazo yakirushwa kutoka nyumba ya shambani Limuru, na yalifika maili 15 tu. Mombasa ikapata kituo 1970. Sebule ya enzi hizo ilitaka waya mmoja wa antena, basi. Baadaye yakaja madishi na kebo yake. Februari 2015 analojia ikazimwa, stesheni kubwa za binafsi zikapotea hewani karibu wiki tatu, na watu wakakimbilia ving'amuzi. Kwa nyanya tulichimba ukuta wa mawe ya korali kwa patasi ili tupitishe kebo mpya. Ile alama haijatoka hadi leo, na kebo yenyewe haina kazi, kwa sababu sasa anatazama kwa intaneti.

Umeona? Kila kizazi kilidhani waya wake ndio wa mwisho. Kwa hivyo mpango wangu ni huu:

Nyuma ya TV, paipu mbili pana: moja iende darini, nyingine kwa ruta. Ndani ya kila moja uache kamba, ndiyo itavuta waya wa kesho. Kona ziwe za kupinda taratibu, ukikunja kali waya hautapita.

Waya hizi usizitie paipu moja na stima. Ruta inatumia volti 12, soketi ina 240. Ganda la waya likiyeyuka, hizo 240 zinaweza kufika kwa spika unayoshika. Acha kama sentimita 30 kati yao, na zikilazimika kupishana, zipishane kama msalaba. La sivyo wufa itavuma hata muziki ukizimwa.

Kebo ya mtandao nunua ya shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Hewa yetu ya chumvi haina huruma. Na isizidi mita 100.

Mama alisikiliza yote, akauliza swali moja: "Na wewe ukienda zako, nani atajua paipu zimepita wapi?"

Wallahi sikuwa na jibu. Usiku huo nikarudi na tochi na tepu, nikapima kila paipu kutoka sakafuni na kutoka kona, nikapiga picha ukuta kwa ukuta kabla plasta haijafunika. Picha ziko kwa simu yake, na nakala nimechapisha, iko kwenye bahasha moja na karatasi za shamba.

Fundi sasa hacheki. Ameniomba nipime na jikoni.

Wewe unayejenga Ukunda, Diani ama Lunga Lunga, ukuta wako umeshapigwa plasta? Kama bado, una muda.