Jina la Chakula na Mlango Kilimopitia: Vyakula vya Ng'ambo katika Kiswahili

Mnamo mwaka wa 1331 Ibn Battuta, msafiri mzaliwa wa Tanja nchini Moroko, alishuka Mogadishu akakaribishwa na sultani wa mji huo. Chakula alichoandaliwa hakukisahau. Habari zake zimo katika kitabu cha safari zake kilichokamilika mwaka wa 1355, yaani zaidi ya miaka 20 baadaye. Palikuwa na wali uliopikwa kwa samli, ukapakuliwa katika chano kikubwa cha mti, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Palikuwa pia na maziwa ya mgando, na pamoja nayo malimau na pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Embe, ambalo aliliandika kwa jina la anba, halikujulikana kwao. Kwa hiyo alilieleza kwa kulilinganisha na tofaa, akiongeza kwamba lina kokwa ndani. Likiwa bivu ni tamu na huliwa kama matunda mengine, na likiwa changa ni kali kama limau, nalo hutiwa katika siki.

Ushuhuda huu hutajwa mara nyingi na wanahistoria ili kuthibitisha neema ya miji ya pwani katika karne ya 14. Ni nadra kutajwa kwa ajili ya jambo jingine lililomo ndani yake, nalo ni namna mwanadamu anavyokitafutia jina chakula asichokijua. Aghalabu njia ni tatu. Hulipokea jina kutoka kwa yule aliyempa chakula. Au hukipa jina la kitu cha kwao kinachofanana nacho. Au hukiita kwa jina la watu anaowadhania kuwa ndio wenyewe. Wenyeji wa pwani ya Afrika Mashariki, waliopokea vyakula vya ng'ambo karne baada ya karne, walizifuata njia zote tatu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jina la chakula huhifadhi kumbukumbu ya mlango kilimopitia, wala si lazima lihifadhi kumbukumbu ya nchi kilikozaliwa. Hoja hii ina uzito wake. Wapo waandishi ambao, baada ya kuyahesabu maneno ya Kiarabu, Kiajemi, Kihindi na Kireno yaliyomo katika jiko la Mswahili, wamekata shauri kwamba jiko lenyewe, na hata utamaduni wake, ni wa kuazima. Hesabu yao yaweza kuwa sahihi, na hukumu yao ikawa na kasoro.

Mfano ulio wazi kupita yote ni mahindi. Neno lenyewe laelekeza India, na mmea wake, muhindi, karibu haupambanuki kimatamshi na Mhindi, mtu wa nchi hiyo. Hata hivyo asili ya mahindi si India. Yalianza kulimwa kusini mwa Mexico miaka ipatayo 9,000 iliyopita, na hayakuvuka bahari ya Atlantiki mpaka baada ya safari ya Columbus ya mwaka wa 1492. Kosa hili, ikiwa ni kosa, si la Waswahili peke yao. Waitaliano huyaita granturco, yaani nafaka ya Kituruki. Waturuki nao huyaita mısır, na hilo ndilo jina lao la nchi ya Misri. Wamisri huyaita dhura ya Sham. Nchini Malawi huitwa chimanga, neno linaloelekea kukumbusha Manga, yaani pwani na Uarabu. Kila taifa limemwonyesha jirani yake kidole, wala hapana hata moja kati ya haya lililoitaja Marekani. Basi mtu akitaka kujua mahindi yalitoka wapi, majina haya yatampoteza; akitaka kujua kila taifa lilimtazama nani kama mleta bidhaa, hatapata ushahidi ulio bora kuliko huu.

Hali ni hiyo hiyo kwa matunda yaliyokuja zama za Wareno, waliofika Mombasa mara ya kwanza mwaka wa 1498 na kuondolewa Ngome ya Yesu mwaka wa 1698. Neno papai lilipitia kwao, nao walikuwa wamelipata kwa wenyeji wa Marekani ya joto. Nanasi limetokana na lugha ya Kitupi ya Brazil, likapita vinywani mwa mabaharia kabla ya kutua pwani. Neno pera lina habari ya ajabu zaidi. Katika Kireno pera ni tunda jingine kabisa, la nchi za baridi. Katika Kiswahili jina hilo limeangukia tunda la mpera, ambalo asili yake ni Marekani. Yaani tunda la bara moja lilipewa jina la tunda la bara la pili, na jina hilo likakita mizizi katika bara la tatu.

Pilipili nayo ilipatwa na mgeni aliyempokonya mwenyeji jina. Pilipili alizozitaja Ibn Battuta haziwezi kuwa hizi kali nyekundu za leo, kwani mmea huo wa Marekani ulikuwa haujavuka bahari. Neno pilipili, linalohusiana na la Kiajemi na la Kiarabu na ambalo chimbuko lake ni India, lilikuwa jina la punje nyeusi. Mgeni wa Marekani alipofika alilitwaa jina hilo, na mwenyewe wa kwanza hana budi sasa kuongezewa sifa ili atambulikane: pilipili manga.

Pengine chakula kimoja huingia kwa milango miwili. Vitabu vya mapishi vya Baghdad vya karne ya 10 vinaitaja sanbusaj, jina lenye asili ya Kiajemi. Ibn Battuta huyo huyo, alipofika India miaka michache baada ya kuondoka pwani, alikula kitu alichokiita samusak: nyama iliyosagwa, ikaungwa kwa lozi, vitunguu na viungo, ikafungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Pwani ya Kenya na nchini Tanzania chakula hiki ni sambusa, umbo lililo karibu na lile la Kiarabu na Kiajemi. Katika miji ya bara ya Kenya wengi husema samosa, kama Wahindi. Yaelekea umbo hili la pili lilienea pamoja na maduka ya Wahindi yaliyofuata reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901. Anayeyatazama maneno haya mawili kama kosa na sahihi hupoteza historia iliyohifadhiwa na tofauti yao.

Mpaka hapa mifano ni ya majina ya kigeni. Lakini wanaohesabu maneno ya mkopo husahau upande wa pili wa mizani, yaani vyakula vya kigeni vilivyofichika nyuma ya majina ya Kibantu. Muhogo ulitoka Brazil, lakini jina lake limevaa umbo la Kibantu kiasi kwamba anayeongozwa na umbo peke yake angeuhesabu kuwa mmea wa kale wa nchi hii. Kiazi cha milima ya Andes kiliitwa kiazi cha kizungu au kiazi ulaya, ingawa watu wengine wa pwani walichagua mbatata. Na kile kilichotangulia kikaheshimiwa kwa jina la kiazi kikuu. Mpunga unaolimwa pwani ni wa asili ya Asia. Uchimbaji wa mambo ya kale kisiwani Pemba umeonyesha kwamba huko Tumbe, katika karne ya 7 hadi ya 10, uwele ndio uliozidi, hali huko Chwaka, kuanzia karne ya 11, mpunga ulichukua nafasi ya kwanza. Hata hivyo lugha imeugawanya mmea huu wa kigeni katika mpunga wa shambani, mchele wa ghalani na wali wa sahanini, ambapo Kiingereza na Kireno hutosheka na neno moja.

Ugali ndio mfano unaostahili kufikiriwa zaidi. Neno ni la Kibantu, na katika Kiswahili cha Kongo husikika kama bugali au bukari. Kwa Wakenya wengi ugali ni chakula cha mababu. Lakini ugali wa mababu wa mbali ulikuwa wa mtama, uwele au wimbi. Wa mahindi ulitawala bara hasa katika karne ya 20. Chakula kilibadilika, jina likabaki. Basi kama jina la kigeni lingetosha kukifanya chakula kuwa cha kigeni, ingebidi kukubali pia kwamba jina la kienyeji lingetosha kuufanya ugali wa mahindi kuwa wa kale. Mambo haya mawili hayawezi kukubaliwa pamoja na ushahidi uliopo.

Ushahidi wa kuaminika zaidi uko katika sarufi na katika chungu. Kiswahili hakikuyaacha maneno haya yakae kama wageni barazani. Tunda limeingizwa katika ngeli yake na mti katika ngeli yake: nanasi na mnanasi, pera na mpera, papai na mpapai, embe na mwembe. Hakuna Mreno aliyefundisha kwamba mti huanza kwa m-. Jikoni nako hali ni hiyo. Muhogo wa nazi, unaopikwa Lamu, Mombasa na Unguja, una mzizi wa Brazil, tui la mmea uliotoka visiwa vya mashariki, na pilipili ya Marekani. Hapana kimoja kati ya hivyo kilichozaliwa pwani. Lakini aliyekuna nazi, akalitenga tui la kwanza na la pili, akajua lipi litangulie chunguni na lipi lingoje, ni mwanamke wa pwani.

Kwa hiyo mtaalamu wa lugha anapokutana na jina la chakula lililotoka ng'ambo, hana budi kuuliza maswali matatu yaliyo mbalimbali: chakula kilizaliwa wapi, jina liliingia kwa mlango gani, na ni nani aliyekipika kikawa cha kila siku. Kamusi hujibu swali la pili, tena kwa ufupi. La kwanza lahitaji msaada wa wataalamu wa mimea na wa mambo ya kale. La tatu halina budi kuulizwa kwa wapishi wenyewe, wengi wao wazee, kabla maneno ya jiko lao hayajapotea pamoja nao.