Shaba na Manukato: Kutoka Bunkeya hadi Kolwezi
Kabla ya kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga kuanzisha mji wa Kolwezi, katika Kongo ya leo, mwaka 1937, shaba ya ukanda huo, iliyoyeyushwa na kumiminwa kuwa misalaba, iliuzwa Bunkeya, makao ya mfalme Msiri aliyeuawa mwaka 1891, kwa misafara iliyotoka pwani, ambako udi, yaani vipande vya mti wenye utomvu vinavyofukizwa juu ya makaa, ulikuwa alama ya heshima.

Shaba yenyewe ni chombo cha manukato, kwa kuwa hupitisha joto vizuri na kupunguza harufu ya salfa, na katika Jabal Akhdar, Omani, waridi hukenekwa kwa njia ya jadi, yaani huchemshwa na mvuke wake kupozwa uwe marashi, kwa kutumia pia vyombo vya shaba.

Harufu za aina hiyo, za maua na za kufukizwa, hukutana katika manukato yaliyozoeleka kuitwa ya mashariki, kama Shalimar ya mwaka 1925 ya kampuni ya Kifaransa ya Guerlain, ambayo hujifunua kwa hatua: mvaaji hunusa kwanza uchachu wa matunda jamii ya limau, kisha maua, na mwishowe vanila, ubani na harufu ya ngozi iliyotiwa dawa, ambayo hudumu mwilini kwa saa nyingi.